Taswira za Wanawake Wenye Enzi: Kutoka Chapa za Ulaya hadi Vinyago vya Machakos

Hakuna umma usio na wanawake wake ambao habari zao zimevuka mpaka wa habari za kawaida, wakawa nusu wa tarehe na nusu wa hikaya: malkia waliokaa kitini pa wafalme, waaguzi waliotabiri mambo kabla hayajatukia, wajane walioinua ngoma na kwa ngoma hiyo wakaitikisa serikali. Watu huwakumbuka kwa masimulizi, kwa majina ya mahali na kwa nyimbo; lakini si kila umma umewapa taswira, yaani sura inayoonekana kwa macho, ambayo mtoto akiitazama atasema papo hapo, huyu ni fulani. Suala ninalotaka kulichambua hapa ni hili: enzi ya mwanamke huonyeshwaje katika taswira, nani huiamua taswira hiyo, na kwa nini nchi ya Machakos, ambayo wachongaji wake wamevipeleka vinyago vyao katika masoko ya dunia nzima, bado haina taswira moja iliyokubaliwa ya Syokimau, mwaguzi ambaye jina lake limo mdomoni mwa kila mtu? Ili tulifahamu jambo hili vyema hatuna budi kuanza mbali, Ulaya ya karne ya 17, kwa kuwa huko ndiko taswira za wanawake wa hikaya zilikopigwa chapa kwa wingi kuliko zama zozote zilizotangulia, na mafundi wake wametuachia mafunzo mema na mabaya.

Sanaa ya zama zile, ambayo wataalamu huiita ya baroko na kuihesabu takriban kutoka mwaka 1600 hadi 1750, ilipenda mwendo, machozi, mwanga mkali uliopambana na giza, na miili iliyojipinda kana kwamba inataka kutoka ndani ya picha. Twazoea kuitafuta katika kuta za makanisa na za majumba ya kifalme, lakini watu wengi wa wakati ule waliiona kwenye karatasi tu. Fundi alilitwaa bamba la shaba nyekundu, akalitia nakshi kwa chembeu yenye ncha kali, au alilipaka nta, akaichora nta hiyo kwa sindano, kisha akalitosa bamba katika tindikali ili mistari iliyoachwa wazi iliwe. Baadaye alilitia wino, akalifuta hata wino ukabaki ndani ya mistari peke yake, akalifunika karatasi iliyoloweshwa maji na kulipitisha katika mtambo wa kukandamiza. Bamba moja lilitoa karatasi mamia, zikauzwa sokoni, zikavuka mipaka, zikafika mikononi mwa watu ambao wasingeruhusiwa kamwe kuukanyaga ukumbi wa mfalme. Hata twaona kwamba chapa huweza kuishi zaidi ya asili yake: mchoro wa Yudithi, mjane wa masimulizi ya Biblia, akimkata kichwa jemadari Holofernes, ambao mchoraji Rubens aliuchora kwa rangi na Cornelis Galle akautia nakshi katika shaba yapata mwaka 1610, leo tunaujua kwa chapa ile, maana picha yenyewe ya rangi imepotea.

Mafundi hao hawakupata kumwona Yudithi, wala miungu ya kike ya Warumi, kina Diana, Minerva na Juno. Na lililowawezesha kuwachora wakatambulikana ni mapatano ya alama. Minerva alivaa chapeo na kushika mkuki na ngao; Diana alitiwa hilali ya mwezi juu ya paji la uso na upinde mkononi; Juno alifuatana na tausi; Yudithi alikuwa na upanga na kichwa cha adui yake. Mtu asiyejua kusoma maneno ya Kilatini yaliyoandikwa chini ya picha aliweza kumjua mwanamke huyo kwa alama zake, na kwa alama hizo akaijua na namna ya enzi yake, kama ni ya hekima, ya vita, ya ndoa au ya kisasi. Nasema kwamba hapo ndipo penye siri ya sanaa yote ya taswira za hikaya. Uso hubadilika kila fundi anapobadilika, na hakuna amlaumuye kwa hilo, bali alama hudumu, kwa sababu alama ni mali ya umma wala si mali ya fundi.

Wakubwa wa zama zile waliujua uzito wa jambo hili. Huko Ufaransa, mwaka 1643, Mfalme Louis wa 13 alipofariki na kumwacha mrithi asiyetimiza hata miaka mitano, mamlaka yalishikwa na mama yake, Anna wa Austria, katika nchi ambayo sheria yake haikumruhusu mwanamke kurithi kiti cha ufalme. Na haikuchukua muda kabla karatasi hazijaanza kuwazoeza raia kumwona mwanamke mwenye amri kuwa ni jambo la kale na la heshima. Mwaka 1644 Stefano della Bella alichora karata za kuchezea, zilizokusudiwa kumfundisha mfalme mtoto, na katika kila karata akaweka malkia mmoja wa tarehe au wa hikaya, wakiwa wamegawanywa kwa tabia zao, huyu mcha Mungu, huyu shujaa, huyu mkatili, huyu mwenye bahati mbaya. Mwaka 1647 kasisi Pierre Le Moyne alitoa kitabu kikubwa cha wanawake mashujaa, akamtunukia Anna, nacho kilipambwa kwa nakshi za Abraham Bosse na Gilles Rousselet zilizofuata michoro ya Claude Vignon. Mwanamke amesimama mbele, mrefu, ametulia, na nyuma yake kwa mbali, kwa udogo, laonekana tendo lililompa jina. Mpangilio huo una maana kubwa, kwa kuwa unasema kwamba mtu ni mkuu kuliko tukio, na kwamba tukio ni shahidi wake tu.

Walakini si wote waliopangwa hivyo. Mwaka 1648 Rembrandt alichora chapa kwa ajili ya tamthilia ya rafiki yake Jan Six iliyomhusu Medea, mchawi wa hikaya za Wayunani aliyeachwa na mumewe Jason. Katika chapa hiyo hekalu limejaa nuru na umati wa watu, arusi ya Jason na mke mpya inafungwa mbele ya sanamu ya Juno, na Medea, ambaye ndiye kiini cha habari yote, amewekwa pembeni kabisa, chini upande wa kulia, ndani ya giza, jambia likiwa mkononi. Ni kazi ya ustadi usio na mfano, nayo yatufundisha kwamba mahali alipowekwa mwanamke katika picha husema zaidi ya uso wake. Anayewekwa katikati ya nuru huonekana mwenye haki, na anayewekwa kizani huonekana tishio, ingawa pengine yeye ndiye aliyedhulumiwa.

Bara letu pia liliingizwa katika chapa hizo, na liliingizwa kwa umbo la mwanamke. Cesare Ripa, katika kitabu chake cha alama kilichotiwa picha mwaka 1603, alilionyesha bara la Afrika kuwa mwanamke mweusi aliyevaa kichwa cha tembo, mwenye marijani shingoni na nge mkononi, na kando yake simba na nyoka. Na mafundi wa nchi nyingi wakamnakili kwa muda mrefu. Mwanamke huyo hakuwa malkia wa nchi yoyote iliyopo, wala hakuna kijiji cha Afrika kilichoshauriwa kuhusu alama zake. Alama zilichaguliwa na wageni, na kwa hiyo zikasimulia mshangao wa wageni.

Lakini kuna chapa nyingine inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi, maana inamhusu mwanamke aliyekuwako kwa hakika: Njinga, malkia wa Ndongo na Matamba katika nchi ambayo leo ni Angola, aliyefariki mwaka 1663. Kasisi wa Kiitalia Giovanni Antonio Cavazzi, aliyemjua malkia huyo na kukaa katika nchi yake, aliandika kitabu kilichotolewa Bologna mwaka 1687, na ndani yake mna chapa ya siku Njinga alipokwenda Luanda kama mjumbe kuzungumza na gavana wa Wareno. Gavana alikaa juu ya kiti, naye mjumbe hakuwekewa kiti bali kitu cha kukalia chini. Ndipo mmoja wa wafuasi wake alipopiga magoti na kuinama, Njinga akamkalia mgongoni, wakazungumza macho kwa macho. Tendo hilo moja lilisomwa kwa njia mbili. Mwafrika wa leo anaona ndani yake mjumbe aliyekataa kudhalilishwa. Msomaji wa Ulaya wa zama zile, aliyekuwa ameshaandaliwa na kitabu chenyewe kumhesabu Njinga kuwa mkatili kabla ya kuongoka, aliona mwanamke anayefanya watu viti. Mistari ya shaba ni ile ile, lakini hukumu hutegemea nani amesimulia kabla ya jicho kufika.

Na sisi katika Kenya tunayo habari inayofanana na hiyo mno. Wangu wa Makeri, mwanamke wa Murang'a aliyepewa utawala wa eneo lake na serikali ya kikoloni mwaka 1902 akauacha mwaka 1909, anasimuliwa na wengi kwa jambo moja tu, kwamba aliwakalia wanaume migongoni. Sisemi kwamba masimulizi hayo yafutwe. Nasema kwamba yakichukuliwa peke yake huwa alama ya kumfunga, si ya kumtambulisha, kwa kuwa yanamweka mbele ya macho yetu kama ajabu na kioja, na kuisahaulisha kazi ya miaka 7 ya mwanamke pekee miongoni mwa wanaume waliopewa cheo kama chake, katika nchi iliyokuwa ikipinduliwa na ukoloni.

Pwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwana Mkisi, ambaye mapokeo ya Mombasa yanamtaja kuwa malkia wa mji kabla ya Shehe Mvita, na Mwana Fatuma, malkia wa Unguja aliyewaunga mkono Wareno walipozingirwa ndani ya Ngome ya Mombasa na ambaye baada ya ngome kutekwa mwaka 1698 alichukuliwa Omani, hawakuchorwa, kwa kuwa adabu ya dini ya miji ile haikupenda sura za watu. Fahari yao ilibaki katika nasaba, katika mapokeo na katika majina ya mitaa, nayo ni njia halali ya kukumbuka, yenye heshima yake. Ila bara ya pwani hiyo hiyo, Mekatilili wa Menza amepata vyote viwili, masimulizi na sanamu. Mwaka 1913 aliwakusanya Wagiriama kwa ngoma ya kifudu, wakala kiapo cha kuikataa kazi ya lazima na amri za Waingereza. Akakamatwa na kupelekwa Kisii, akatoroka mwaka 1914 na kurudi kwao kwa miguu. Husimuliwa kwamba alimwendea mtawala wa Kizungu na kuku mwenye vifaranga, akamwambia ajaribu kutwaa kifaranga kimoja, kuku akamdonoa mkono, ndipo akamwambia kwamba ndivyo Wagiriama watakavyofanya wakichukuliwa wana wao. Leo sanamu yake imesimama Malindi, na yeyote atakayemchora hana haja ya kuhangaika: kuku na vifaranga vyake wanatosha kumtambulisha kama upanga unavyomtambulisha Yudithi. Alama hiyo ilitoka ndani ya umma wake, nayo yaeleza enzi yake kwa ukweli, enzi ya mama anayelinda.

Sasa tufike Machakos. Husimuliwa katika nchi ya Ukambani kwamba Syokimau, kabla ya mgeni yeyote wa Kizungu kutia mguu katika vilima vya Iveti, aliona watakuja watu wenye ngozi kama nyama mbichi, wenye kubeba moto mifukoni, na kwamba joka refu litalala kutoka maji ya mashariki hadi maji ya magharibi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani mwaka 1901, na watu wakasema, ndilo joka lile. Machakos yenyewe, ambayo ilikuwa makao ya utawala wa Waingereza kabla ya Nairobi, ilipitwa na reli hiyo, na mwaka 1899 John Ainsworth akayahamishia makao hayo Nairobi. Mji umebaki na jina la Masaku, ambaye mapokeo yanamhesabu naye kuwa mwaguzi. Na jina la Syokimau limekaa katika mtaa mkubwa wa mpakani mwa Nairobi na katika stesheni ya reli iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2012. Abiria wengi hulitamka kila asubuhi na kila jioni. Lakini ukiuliza alikuwa na nini mkononi, alikaa wapi, alizungukwa na nani alipokuwa akisema maneno yake, utapewa jibu moja tu, treni.

Hapo ndipo ilipo kasoro ninayotaka kuionyesha kwa uwazi. Mwaguzi huyu amekuwa nyuma na treni mbele; tukio limekuwa kubwa na mtu amekuwa mdogo, kinyume kabisa cha mpangilio wa Vignon. Na jambo baya zaidi ni kwamba treni ni kazi ya waliomtawala mjukuu wake, kiasi kwamba sifa ya Syokimau inakuwa ni kuthibitisha kuja kwa wageni, kana kwamba hakuwa na uzito wowote kwa watu wake mpaka chuma cha Kizungu kilipomshuhudia. Hali watu hawamsikilizi mwaguzi kwa jambo litakalotimia baada ya kufa kwake. Humsikiliza kwa sababu ya mvua, maradhi, vita na njaa za siku zao wenyewe, na bila shaka mambo hayo ndiyo aliyopatia heshima iliyoyafanya maneno yake yahifadhiwe hata yakatufikia.

Karibu naye yafaa awekwe mwanamke mwingine ambaye wanafunzi wa shule humkuta katika vitabu vya tarehe na kumpita upesi: Siotune wa Kathuke, mjane, ambaye mwaka 1911 aliwaamsha watu wa Machakos dhidi ya amri za serikali kwa njia ya ngoma ya kilumi, naye kijana Kiamba Mutuavio akaungana naye, hata serikali ikaingiwa na hofu, ikawakamata na kuwahamisha mbali na kwao. Kilumi ni ngoma ya ibada, ngoma ya kuomba mvua na kutuliza pepo, na wapigaji wake ni wanawake watu wazima, wakiwa wameyabana magoma marefu kati ya magoti. Miaka miwili kabla ya kifudu ya Mekatilili, basi, kilumi ya Siotune ilikuwa imekwisha onyesha kwamba ngoma ya wanawake yaweza kuwa baraza la siasa. Lakini mmoja amepata sanamu na sikukuu, na mwingine hajapata hata mchoro wa penseli unaojulikana na watoto wa nchi yake.

Wala si kwa uhaba wa mafundi. Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya kwanza, aliona huko kazi za wachongaji, akarudi na ujuzi huo kwao. Kutoka kwake na kwa jamaa zake ukaenea mpaka Wamunyu ikawa jina la fahari, na wana wake wakajenga vyama vya ushirika na karakana hadi Gikomba jijini Nairobi na Changamwe huko Mombasa. Kwa tezo, patasi na msasa wamegeuza muhugu na jakaranda kuwa twiga, ndovu, vijiko na askari wa Kimasai, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyoagizwa na wageni wenye kulipa. Simlaumu mchongaji kwa hilo. Mtu huchonga kinachomlisha, na mafundi wa Ulaya nao walichora kwa kuagizwa, wakilipwa na wafalme, makasisi na wachapishaji. Tofauti ni kwamba mnunuzi wao aliyajua majina ya wanawake wale, akayataka. Na mnunuzi wa Wamunyu, aliyeshuka meli au ndege, hakulijua jina la Syokimau, akataka mnyama. Basi upungufu haumo mkononi mwa fundi, bali umo kwa mwagizaji, na mwagizaji anayekosekana ni sisi.

Yamkini mtu atasema kwamba haifai kuchonga sura ya mtu ambaye hakuna aliyehifadhi sura yake, na kwamba kufanya hivyo ni kuongopea tarehe. Hoja hii ni ya uaminifu na inastahili jibu. Ni kweli kwamba uso wa Syokimau hatunao. Lakini taswira ya hikaya haidai kuwa hati ya uso, na hakuna aliyedhani kwamba Galle alikutana na Yudithi. Uongo huanza pale tunapompa alama zisizo zake: vazi la filamu za kigeni, mkao wa malkia wa Kizungu, au moshi wa treni kichwani. Alama za kweli zipo, nazo zimo katika desturi ya Ukambani yenyewe: ithembo, mahali patakatifu penye miti mikubwa pa kutolea sadaka; kibuyu chenye mbegu ambazo mwaguzi huzimwaga na kuzihesabu; upinde wa uzi mmoja anaoupiga akisikiliza; magoma ya kilumi; mikufu myembamba ya wahunzi wa Kikamba; kigoda cha mzee kilichotiwa nakshi ya waya. Wazee, wanawake kwa wanaume, wangali wapo wanaoweza kusema kipi kinamfaa mwaguzi na kipi hakimfai, kipi huruhusiwa kuonyeshwa hadharani na kipi ni siri ya ibada, na pasipo kauli yao taswira yoyote itakayotolewa itakuwa nge na kichwa cha tembo vya Ripa vikirudi kwetu kwa mlango mwingine.

Hukumu yangu basi ni hii. Syokimau awekwe katikati ya taswira, mbele, mkubwa, ameketi penye ithembo, kibuyu mkononi, watu wake wakimsikiliza. Na joka, kama lazima liwepo, lipite mbali nyuma yake kama shahidi. Siotune asimame na goma la kilumi, na wanawake wenziwe wawe pamoja naye, kwa kuwa enzi yake ilikuwa ya kundi wala si ya mtu mmoja. Na kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 imezuia sura ya mtu yeyote kuwekwa katika noti na sarafu za Kenya, tusitazamie kwamba fedha itatufanyia kazi hii. Itafanywa na ubao, karatasi na vitabu vya shule, au haitafanywa.

Nawasihi wachongaji wa Wamunyu wazitumie patasi zao siyo kwa vinyago vya kusimama tu bali na kwa mbao bapa za kupigia chapa, maana ubao mmoja wa jakaranda uliokatwa kwa mkono wa fundi, ukapakwa wino, waweza kutoa karatasi za kutosha kila darasa la kata nzima kwa gharama ambayo shule yoyote yaweza kuimudu. Nawasihi walimu waziagize, na serikali ya kaunti izinunue kabla ya kununua sanamu yoyote ya simba kwa ajili ya bustani zake. Na wewe msomaji, ikiwa unaye bibi Ukambani aliyepata kuicheza kilumi, nenda kamwulize leo goma lile hushikwaje na nani huanza kulipiga, ukaandike jibu lake, kwa kuwa hilo ndilo litakalomfaa mchoraji kuliko risala yangu hii yote.